Mzee, nipeleke kwa fundi bomba

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nimeandika ndefu, ukitaka kupunguza punguza hizi salamu.

Kuna mzee aliandika hapa wiki ilopita akisema ati nchi hii inapoteza pesa kusomesha watoto kucheza ngoma na kuigiza chuo kikuu, ati hao wote wangepelekwa kusomea ufundi bomba Uganda ingekuwa mbali saa hii. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kuna kitu hukukiuliza kabla ya kushika kalamu. Ule mkopo wa serikali wa wanafunzi wa vyuo vikuu, ule ulioanza 2014, umewekewa watu wa sayansi na teknolojia, sisi wa drama hautugusi labda mtu awe na ulemavu. Mimi nimesomeshwa na pensheni ya baba na mahindi ya mama pamoja na ng'ombe wawili, na mama akikasirika mpaka leo anawataja hao ng'ombe kwa rangi zao. Kwa hiyo hizo pesa za nchi unazozililia, kwangu hazikupita.

Mimi ni mtu wa Tororo, baba alikuwa polisi, nimekulia kota za polisi ambako Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya kila mlango, kuna Mteso, kuna Mlugbara, kuna Mjapadhola, wote wanagombana kwa Kiswahili asubuhi na jioni wanapatana kwa Kiswahili hicho hicho. Nilipomaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, nikapata nafasi Makerere kwenye kosi ya MDD, yaani Musiki Densi na Drama. Siku hizi idara imebadilishwa jina inaitwa ya sanaa za maonyesho na filamu lakini hakuna anayeliita hilo jina refu, watu bado wanasema MDD, na ipo toka 1971 sio kitu cha jana. Baba aliposikia alinyamaza kwanza, akamaliza chai yake yote, alafu akaniuliza, "Sasa hio digri ikiisha unakuwa nani?" Sikuwa na jibu. Na kule kampasi nikakuta wenzetu wa kosi zingine washatutafsiria MDD kwa Kiganda, Musiru Ddala Ddala, mjinga kabisa kabisa. Tukacheka nao, ungefanyaje.

Watu wanadhani kule tunaamka tunarukaruka mpaka saa saba alafu tunaenda kula posho, yaani ugali. Mwaka wa kwanza nilitumia wiki nzima nimelala chali sakafuni na kitabu kizito juu ya tumbo najifunza kuvuta pumzi, kwa sababu sauti inatoka huko chini, ukiitoa kooni siku ya pili ya shoo huna sauti tena. Tukasoma taa, mavazi, kuongoza mchezo, kuchambua skripti mpaka unajua kwa nini mtu anaingia kwa mlango huu na sio ule. Lakini kitu kilichonishika mimi ni ile thieta ya maendeleo. Huendi kijijini na mchezo wako umeshaiva, unaenda mikono mitupu, unakaa na watu wa hapo siku kadhaa unasikiliza wanacholalamikia, alafu mnatengeneza mchezo na wao wenyewe, na ukifika pale penye moto unasimamisha unawauliza watazamaji sasa hapa tufanye nini. Mwaka wa tatu tulipelekwa kijiji kimoja ambacho pampu ya kisima ilikuwa imekufa na kila nyumba ilikuwa inatoa pesa ya kuitengeneza kila mwezi. Mwenzetu mmoja akaigiza mwenyekiti wa kamati ya maji, akavaa koti na kofia tu, jina hakutaja. Katikati ya mchezo mwenyekiti wa kweli akasimama akasema hiyo ni uongo, mimi zile pesa nilikopa tu! Mchezo ukaishia hapo hapo, hatukuwa na haja ya mwisho mwingine. Nimeambiwa pampu ilitengenezwa kabla ya Krismasi.

Haya sasa tuje kwenye kazi, maana mzee ameandika ati hakuna kazi. Kazi ipo, ipo mpaka inachosha. Kila muhula wa pili shule zinaingia kwenye yale mashindano ya muziki na drama, wizara inatoa mada yake ya mwaka, shule zinapambana kutoka wilayani kwenda mkoa mpaka taifa, na kila hedimasta anataka kombe kwa sababu kombe linaleta wazazi. Wanatutafuta sisi. Wanatuita trena. Mwaka juzi shule moja, siitaji jina wala upande ilipo, hedi alinipigia mwenyewe saa mbili usiku, "Trena njoo utuokoe, tumebakiza wiki sita." Tukakubaliana laki saba kwa mdomo. Nikaenda. Watoto arobaini na wawili, hakuna ukumbi, tunafanyia mazoezi kwenye uwanja nyuma ya bweni la wasichana katikati ya kamba za kuanikia nguo, ukitaka mtoto aingie jukwaani anatokea chini ya shuka za watu. Njuga za miguuni za runyege, ile ngoma ya Wanyoro na Watoro, zilikuwa za kwangu, nimezinunua mwenyewe toka nikiwa chuo, ngoma tuliazima kanisani na Jumamosi jioni lazima zirudishwe. Skripti nimeandika mimi, wimbo nimetunga mimi, kuna kasichana ka S1 kalikuwa hakawezi kuongea mbele ya watu wanne bila kuvuta sketi yake, wiki ya tano kanasimama mbele ya shule nzima kanatangaza kifo cha mfalme na hakuna anayekohoa.

Tukashinda wilaya, tukaenda mkoa tukarudi na kombe. Jumatatu naenda kwa bursari, mtu wa hesabu wa shule, kuchukua pesa yangu, nakuta foleni, mbele yangu kuna fundi bomba aliyekuja asubuhi hiyo kurekebisha tanki la maji. Masaa mawili tu amefanya kazi. Akapewa pesa yake yote mkononi kabla hata hajanawa grisi. Mimi nikapewa bahasha ya laki mbili na nusu na bursari akaniambia, "Trena hii nyingine tutaona, si na wewe umekula posho na maharage yetu wiki sita?" Hedi hakuwepo ofisini. Ile kombe ilikuwepo, juu ya kabati, na wiki ilofuata wamepaka rangi geti la shule wakaandika MABINGWA WA DRAMA herufi kubwa nyekundu.

Nikamfuata yule fundi kule nje, nilikuwa na hasira lakini pia nilitaka kujua. Nikamuuliza ndugu yangu wewe unafanyaje hawa watu wakulipe. Akacheka, akatoa mfukoni kitabu cha risiti kimelowa kimechafuka, akasema mimi sifungui hata sanduku la spana bila nusu mkononi, na kila kitu naandika, bomba futi ngapi, valvu ngapi, kazi ya mikono kiasi gani, mwenye nyumba anaweka sahihi. Mhariri, miaka mitatu Makerere hakuna mtu aliyeniambia hivyo vitu viwili. Nimesoma namna ya kufa jukwaani kwa njia nne tofauti, lakini kuandika mkataba wa ukurasa mmoja au kumwambia mtu mzima anayenizidi umri naomba nusu kwanza, hapana. Kwa hiyo mzee alosema tupelekwe kwa mafundi bomba ana ukweli wake, ila mimi nasema tupelekwe wiki moja tu, tukajifunze kudai.

Na nisiseme ni shule peke yake. Kazi nyingine iliyotulisha miaka mingi ni ya NGO. Toka ile miaka ya themanini mwishoni na tisini, ukimwi ukimaliza watu, vikundi vya drama ndo vilikuwa vinabeba ujumbe kijiji kwa kijiji mpaka kwa watu ambao karatasi ya wizara wasingeisoma. Sisi tumekuja nyuma tukakuta njia imeshafunguliwa, leo malaria, kesho chanjo, keshokutwa uzazi wa mpango, unapewa fulana yenye nembo, posho ya siku na nauli. Kikundi chetu kilikuwa na watu wanane. Sehemu kubwa ya hizo pesa ilikuwa inatoka Marekani hata kama bango limeandikwa jina lingine, na Januari 2025 waliposimamisha misaada simu zikanyamaza, mwezi wa saba USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa. Wanane wale saa hii mmoja anakaanga chipsi Malaba anauzia madereva wa matrela, wawili wameenda Uarabuni, mmoja anaendesha boda boda na anasema abiria wanampa tipu kwa sababu ya hadithi zake. Lakini hapa pia niseme ukweli hata kama wenzangu watanikasirikia, sisi wenyewe tuliiharibu ile kazi. Tuliacha kukaa na watu. Skripti ilikuwa inakuja na mwisho wake kutoka ofisini, mtu asiyelala kwenye neti lazima afe, dakika ya pili tu kila mtu kijijini ameshajua nani atakufa na kwa nini, watoto wanatutajia mistari kabla hatujaisema. Tulikuwa tunalipwa kwa siku, siku ikiisha tunapanda gari.

Ualimu nao. Watu wanasema si mngefundisha. Sawa, 2022 serikali ikapandisha mwalimu wa sayansi mwenye digri mpaka milioni nne kwa mwezi, wa sanaa akabaki hata nusu ya hio hafiki, wakagoma mwaka huo, wakagoma tena 2025. Mtaala mpya wa 2020 umeleta somo la sanaa za maonyesho, tukafurahi kweli, alafu tukaona limewekwa kwenye masomo ya kuchagua, mtoto wa S1 anabeba masomo kumi na moja ya lazima na la kuchagua ni moja, hebu niambie mzazi gani atakubali hilo moja liwe kucheza. Na hata shule ikitaka, mimi digri yangu sio ya elimu, bila kurudi tena kusomea diploma ya ualimu hawawezi kuniandikisha. Nauza ng'ombe gani tena?

Hao wanaobaki chuoni kufundisha ndo watu wanadhani wametoka. Nina dada yangu mmoja wa Lira tulimaliza pamoja, kichwa chake kizuri kuliko changu mara tatu, akaendelea akafanya masta. Anafundisha vyuo viwili vya binafsi kama pati-taimu, analipwa kwa saa, muhula ukiisha pesa ya muhula ule inakuja katikati ya muhula mwingine kama inakuja. Ukitaka uwe lekchara kamili siku hizi wanataka PhD, PhD inataka ada, ada inataka mshahara, na mshahara unataka PhD. Alafu kuna hii inayoniuma kwa niaba yake. Ameongoza michezo mitano ya wanafunzi, mmoja niliuona mwenyewe watu wamekaa mpaka kwenye madirisha, amefanya utafiti wa miezi minne kwa wazee wa ngoma kabla ya kuupanga. Akipeleka faili la kuomba kupandishwa wanamuuliza, makala yako imechapishwa jarida gani? Mchezo sio makala. Ukizima taa umeisha, hakuna karatasi ya kugonga muhuri. Daktari wa mimea shamba lake la majaribio ni utafiti, lake yeye ni burudani. Sasa ameacha kuongoza, anaandika makala kuhusu michezo ya watu wengine. Na wanafunzi wake wanafanya mazoezi darasani, viti wanasukuma ukutani, wakisikia mlango unagongwa wanajua ni wanafunzi wa biashara wa jioni wamefika, wanakusanya wafalme na malkia wao wanatoka nje.

Mzee aliandika tena, hii nimeisoma mara mbili, ati drama haijawahi kuitikisa nchi hii. Mzee wewe si ulikuwepo? Byron Kawadwa alikuwa mkuu wa National Theatre pale Kampala, akapeleka mchezo wake Lagos kwenye lile tamasha kubwa la sanaa la mwaka 1977, aliporudi akachukuliwa na watu wa Amin na hakurudi tena. Mtu anayecheza tu hauawi hivyo. Na kabla ya hapo, 1965, walimu na wanafunzi wa Makerere walianzisha thieta ya kutembea, wanapanda gari na vifaa vyao wanazunguka Uganda yote na kuvuka mpaka Kenya, wanaigiza bure kwenye viwanja vya shule na masoko, kwa Kiingereza, kwa Luganda, na kwa Kiswahili pia. Kwa Kiswahili, miaka sitini ilopita! Saa hii ukienda kuona mchezo Kampala mara nyingi ni Luganda, na mimi Luganda naipenda na nimeigizia, lakini mtu wa Arua, Moroto, au hapa kwetu Tororo anakaa pale anacheka akiona wenzake wanacheka.

Hapa ndo naona mlango ambao sisi wenyewe tumeupita kila siku bila kuusukuma. Kiswahili kimefanywa cha lazima S1 na S2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kiwe cha lazima shule za msingi na sekondari, walimu wenyewe wako wapi? Shule inatafuta mwalimu wa Kiswahili kama inatafuta maji. Mimi hedi mmoja mwingine, huyu ni mtu mzuri, alinipa klabu ya Kiswahili Ijumaa mchana kwa sababu tu alinisikia naongea na askari wa geti. Nikawaambia watoto tufunge daftari, tufanye mchezo wa mama mwenye nyumba na mpangaji anayedaiwa miezi mitatu. Kuna kijana ambaye mwalimu wake amekata tamaa naye, darasani anasema "kitabu yangu", "mtu ile". Nikampa awe mama mwenye nyumba. Nakwambia alifunga leso kiunoni akatoa Kiswahili hata mimi sikukitegemea, "Vyombo vyangu vyote nimevihesabu na kimoja kikivunjika utakilipa wewe na ukoo wako," hakuna kosa hata moja! Nikamuuliza umetoa wapi. Akasema shangazi yake ana nyumba za kupanga Busia. Kumbe Kiswahili alikuwa nacho, kilikuwa kinakosa mtu wa kukisema.

Sasa MDD ingeweka Kiswahili pale ndani kama somo kamili, na mtu akamaliza na cheti cha ualimu hapohapo badala ya kurudi miaka mingine, huyo mtu hedi hawezi kumwita wiki sita kwa maharage. Angepata na kazi za redio, angetafsiri, angeenda Nairobi na Dar, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefundisha sanaa za maonyesho miaka mingi na Bagamoyo wana chuo cha sanaa cha serikali kabisa, na jukwaa lao ni la Kiswahili. Sijui nani anakaa kwenye ile kamati ya mitaala lakini kama anasoma gazeti hili amepata barua yangu. Na kwenye mitihani ya mwaka wa tatu aongeze swali moja tu: hedimasta amekupigia simu saa mbili usiku, andika mkataba.

Mimi nimeshanunua kitabu cha risiti, shilingi elfu tano pale mjini. Muhula huu shule tatu zimenipigia, nikasema nusu kwanza. Ya kwanza ikakata simu. Ya pili ikasema itaniombea. Ya tatu imetuma, naanza nao Jumatatu, mchezo unahusu mgogoro wa ardhi na nimeandika njuga za runyege pale kwenye karatasi kama vifaa vya kukodi, elfu thelathini kwa wiki, bursari akasaini bila kuuliza.

Mzee aloandika, kama una mjukuu kwenye moja ya hizo shule njoo siku ya mashindano, nitakuwekea kiti mbele. Na yule hedi mwenye laki nne na nusu zangu anajijua, nimepita juzi nimeona geti lenu rangi bado inang'aa, namba yangu ya mobaili mani ni ileile.

Wenu,
Trena wa drama,
Tororo.